Gharama ya Nafasi ya Nne

Katika senta ya Nyamongo, mkoani Mara, jioni ya siku ambayo Ligi Kuu inachezwa, mtu apitaye mbele ya vibanda umiza vya kutazamia mpira huona jezi nyekundu za Simba na za kijani na njano za Yanga zimebanana juu ya mabenchi, na baadhi ya wenyewe wangali na mabuti ya mpira yenye tope la kuoshea magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodini. Lakini jezi ya Biashara United, timu ya mkoa wao wenyewe, ambayo makao yake ni Musoma, saa chache tu kwa gari kutoka hapa, aghalabu hakuna aliyeivaa. Sisemi haya kwa kuwalaumu, maana mapenzi ya mpira hayagawanywi kwa mipaka ya mkoa. Nayasema kwa kuwa mchambuzi atakaye kujua kilichoipata Biashara hana budi kuanza na hesabu hiyo ya jezi.

Biashara ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ikamaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikapata haki ya kuiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho Afrika. Na msimu uliofuata, huohuo ambao ilipaswa kuvuna matunda ya kazi yake, ikashuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Kauli ya wengi ni kwamba timu ilikosa fedha. Kauli hiyo ni kweli lakini haitoshi, kwani hata ilipokuwa ya nne haikuwa tajiri, na umaskini uleule hauwezi kuwa sababu ya kupanda na sababu ya kushuka kwa pamoja. Rai yangu ni kwamba nafasi ya nne yenyewe ilikuja na ankara, na ankara zikafika kabla ya mapato.

Tuanze na njia. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na Ruangwa, kwao timu ya Namungo, ni mbali kuliko hapo, ng'ambo kabisa ya nchi. Husemwa kwamba umbali humwadhibu na mgeni ajaye Musoma, na ni kweli kwamba wakubwa hawakupenda kwenda kucheza Uwanja wa Karume, kandokando ya ziwa. Ila tafauti iko katika idadi. Kila mgeni aliifanya safari ya Musoma mara moja kwa msimu, ilhali Biashara, katika ligi ya timu 18, ilikuwa na mechi 17 za ugenini. Simba, Yanga, Azam na KMC, ambazo zote ni za Dar es Salaam, zilikuwa na mechi tatu za ugenini kila moja ambazo mchezaji aliweza kuzicheza kisha akarudi kulala kwake. Mchezaji wa Biashara huteremka basini miguu imevimba, na siku mbili ambazo kocha angezitumia kurekebisha makosa ya mechi iliyopita zimeisha barabarani. Nauli, malazi na posho zaweza kuandikwa katika daftari la mhasibu. Siku za mazoezi zilizopotea haziandikwi popote, nazo ndizo ghali zaidi.

Hapa pana jambo dogo ambalo sikuona likitajwa. Msimu ule wa mafanikio Biashara ilikuwa na majirani wa Kanda ya Ziwa: Gwambina ya Misungwi, Mwadui ya Shinyanga na Kagera Sugar ya Bukoba. Ligi ilipopunguzwa kutoka timu 18 kuwa 16, Gwambina na Mwadui zikashuka, na badala yao, pamoja na Geita Gold, ikaja Mbeya Kwanza kutoka upande wa pili wa nchi. Kwa hiyo hata jiografia, ambayo hatujazoea kuiona ikibadilika, ilibadilika kwa madhara ya Musoma.

Mintarafu ya mapato, mwenyeji ndiye achukuaye fedha za mlangoni baada ya makato, na timu ya namna hii huziona fedha hizo kwa maana halisi siku mbili tu kwa mwaka, anapokuja Simba na anapokuja Yanga. Nazo ni siku ambazo umati hulipa ili kumtazama mgeni. Mwezi Mei 2021 Shirikisho la soka na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na ulikuwa neema kubwa kwa klabu ndogo. Lakini neema ya wote haipunguzi tafauti baina ya wote: mwaka uliofuata Yanga ilipata kwa SportPesa zaidi ya bilioni 12 kwa miaka mitatu, na Simba ikapata kwa M-Bet zaidi ya bilioni 26 kwa miaka mitano. Mdhamini hununua macho ya watu, na macho ya Nyamongo, kama tulivyoona, yamekwisha kununuliwa.

Sasa tuje kwenye Kombe la Shirikisho, ambako mambo yalidhihirika. Biashara iliitoa FC Dikhil ya Djibouti, kisha ikapangiwa Al Ahli Tripoli ya Libya. Mechi ya nyumbani haikuwa nyumbani: ilichezwa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Ijumaa tarehe 15 Oktoba 2021, kwa hiyo timu ilisafiri zaidi ya kilomita elfu kwenda kuwa mwenyeji, ikiwaacha Musoma watu wake pamoja na ule umbali ambao ndio ngome yake pekee. Hata hivyo ikashinda mabao 2-0. Kwa kipimo cha uwanjani, hilo lilikuwa tendo kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na klabu ya Mara. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Mipango ya ndege na vibali vya safari havikukamilika kwa wakati, timu haikufika Libya, na CAF ikaitoa mashindanoni. Klabu kubwa ina watu ambao kazi yao ni hiyo tu, na ina akiba ya kulipia leo kitu kitakachorudisha fedha mwezi ujao. Klabu ya kati huyafanya hayo kwa kamati, simu na ahadi. Timu iliyoshinda kwa miguu ikashindwa na makaratasi.

Fauka ya hayo, mafanikio humtangaza mchezaji na kocha. Francis Baraza, kocha kutoka Kenya aliyekijenga kikosi kile, alikwisha hamia Kagera Sugar kabla msimu wa 2020/21 haujamalizika, na katika dirisha dogo la usajili la msimu uliofuata Denis Nkane akaenda Yanga. Wala hili si letu peke yetu. Katika mpira wa Kimarekani wa vyuo, mwaka huohuo wa 2021, wanamichezo waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kuuza majina yao kwa matangazo. Tangu hapo chuo cha daraja la kati humlea kijana miaka miwili, kisha humtazama akicheza kwa jirani tajiri. Tafauti ni kwamba wao hupata kundi jipya la wanafunzi kila mwaka, ilhali kijana wa Nyamongo mwenye kipaji lazima kwanza achague baina ya mazoezi ya jioni na mawe yenye dhahabu, na mawe hulipa siku hiyohiyo.

Dhahabu hiyo ndiyo huwafanya watu waulize kwa nini mgodi wa North Mara, uliopo hapahapa, usiibebe timu ya mkoa. Swali ni la haki, lakini fedha ina mfereji wake. Kwa marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni huandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa. Fedha hiyo huishia katika shule, zahanati, maji na barabara za Tarime, na diwani wa Tarime atakayeipeleka Musoma kwa ajili ya mpira atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza kwa mama asiye na bomba. Geita mambo yalikuwa mengine: timu ilikuwa mali ya halmashauri ya mji, mgodi wa dhahabu wa Geita (GGM) ukaidhamini, na mfereji ukawa mfupi. Geita Gold ilipanda mwaka 2021, ikamaliza ya nne mara moja, na George Mpole wake akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akiwashinda washambuliaji wa Simba na Yanga.

Kisha angalia kilichofuata. Geita ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan katika Kombe la Shirikisho, Mpole akaenda Saint-Éloi Lupopo ya Kongo, na mwaka 2024 klabu ikashuka. Kwa hiyo mfereji mfupi uliongeza mwaka mmoja, haukubadili njia. Mwaka huohuo Biashara ilifika mechi za mchujo wa kupanda, ikazuiwa na Tabora United, na Mara ikabaki bila timu katika Ligi Kuu.