Tuma Pesa, Jina Lako Litasomwa

Kila baada ya miezi kadhaa mtu huandika, kwa uchungu wa kweli, kwamba simu imeua pakruok. Nimesoma makala kadhaa za aina hiyo, nyingine nikashuku ziliandikwa kwa simu. Sikubaliani nazo, ingawa nakubali kuna kitu kimeharibika. Nadhani tu tumemkamata mtu siye.

Kwa ambao hamjawahi kukesha Nyanza: pakruok ni kujisifu kwa kulipia. Bendi inapiga, iwe ni ohangla, benga au rumba. Unaenda mbele, unatoa pesa, na muziki unasimama. Haupunguzwi sauti, unasimama kabisa. Unapewa maiki, unajitaja wewe na marafiki na wazazi na kijiji chako, lakini si kama mtu anayesoma kitambulisho. Unasema kitu kama, "Mimi ndimi Mto Nyando. Kiangazi mnanivuka viatu mkononi, lakini tutaonana mvua ikinyesha." Watu wakicheka na kupiga mbinja, umefaulu. Halafu jamaa mwenye shilingi hamsini anainuka, anasimamisha wimbo tena, anasema yeye ndiye daraja. Hapo umekwisha, hata kama ulikuwa umetoa elfu mbili.

Huo ndio mchezo wenyewe. Pesa ilikununulia nafasi ya kusema tu. Kama ulisema la maana, hilo liliamuliwa na watu waliokaa pale, na wengi wao walikujua tangu ukiwa mdogo. Huwezi kujiita simba mbele ya mtu aliyekuona ukikimbia bata mzinga.

Sasa nenda Kondele wikendi yoyote, au uzunguke ziwa mpaka Mbita. Mwimbaji ana maiki mkono mmoja na simu mkono wa pili. Namba ya M-Pesa imeandikwa kwenye bango nyuma ya ngoma, na onyesho liko laivu Facebook au TikTok. Meseji zinaingia, naye anasoma: fulani wa Nairobi, fulani wa Mombasa, fulani wa Doha, mheshimiwa fulani anayenyemelea kiti cha udiwani. Kibodi haikomi, ngoma hazikomi. Majina yanapita juu ya mdundo kama makanga anavyotaja steji. Mimi huchoka nikifika jina la kumi. Na si kwamba wasanii hawajui kazi. Vijana wa ohangla wa sasa wanapiga kibodi vizuri ajabu. Ni kwamba ndani ya wimbo mmoja wa dakika ishirini nimesikia watu arobaini wakitajwa na hakuna hata mmoja aliyesema kitu.

Lakini simu si mashine ya kwanza kuingia katikati. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina nadharia ya kuwauzia, nina masikio na santuri za mjomba tu. Mpiga nyatiti alikaa chini na nyuzi zake nane, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao. Ungeweza kumsimamisha wakati wowote. Likaja gitaa, na vidole vya benga vikarithi mengi kutoka kwa zile nyuzi nane. Kisha ikaja santuri ndogo ya 45, ambayo upande wake mmoja hubeba dakika chache. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga za miaka ya 1970 zimekatwa vipande viwili, cha kwanza upande huu, cha pili ukigeuza. Enzi hizo za D.O. Misiani na Shirati Jazz, za Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, majina ya watu yaliingia kwenye nyimbo na kubaki humo. Ukitajwa kwenye santuri umetajwa milele. Na hakuna wa kuinuka aseme yeye ndiye daraja, kwa sababu santuri haisikii.

Redio nayo ikatuletea salamu. Wazazi wetu walinunua kadi, wakajaza majina ya watu wa kusalimiwa, wakajipa vyeo vya ajabu ajabu, wakatuma kwa posta na kungoja mtangazaji asome. Kulipa ili jina lako litamkwe na mtu mwingine, mbali, bila wewe kuwepo: hilo tulilizoea zamani. Misiani alifariki Kisumu Mei 2006, M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007. Ukitaka kuilaumu M-Pesa kwa kuanzisha sifa za mbali, inabidi kwanza uwashtaki posta.

Na kuna faida ambayo wanaoomboleza hawaitaji. Fikirieni nani alikuwa akienda mbele ya bendi saa saba usiku. Wanawake walikuwepo, ndiyo, na baadhi yao walikuwa moto kwelikweli, lakini wengi waliambiwa wakae nyumbani, na waliokwenda walilipia kwa heshima yao kesho yake. Leo dada anayefanya kazi za ndani Riyadh anaweza kutuma mia mbili akiwa amejifungia chumbani, akasikia jina la mamake likitamkwa Kisumu. Siwezi kuandika kwamba huo ni uharibifu wa utamaduni. Mtu wa kwanza kumwambia huyo dada kwamba si pakruok ya kweli awe tayari kumlipia tiketi ya ndege.

Basi kilichoharibika ni nini? Ni ule ukimya. Bendi imeacha kusimama, na sababu yake ni hesabu. Ukisimamisha wimbo kwa mtu mmoja umepata mmoja. Ukisoma orodha juu ya mdundo unapata kumi kwa muda uleule. Tena watazamaji wa laivu hawana subira. Ngoma zikinyamaza sekunde ishirini, kidole kinasukuma skrini juu na umewapoteza. Zawadi za TikTok zimekaza zaidi, kwa sababu msanii anapokea kilichobaki baada ya kampuni kukata sehemu yake, kwa hivyo anahitaji wengi na haraka. Siwalaumu wasanii. Mimi pia nalipwa kwa makala, kwa simu hiyohiyo, na wengine hawatumi hata ya kutolea.

Lakini angalia matokeo yake. Zamani ulilipa upate kusema. Sasa unalipa usemewe. Na ukisemewa, kinachokutofautisha na mwenzako ni kiasi ulichotuma tu. Aliyetuma elfu tano anasomwa kwanza, anarudiwa mara tatu, anaongezewa "mkubwa wetu". Wa shilingi hamsini hata hasomwi. Mwanasiasa anayejisifu ukumbini angeweza kujibiwa na mvuvi. Kwenye orodha hawezi kujibiwa na yeyote, na ndiyo maana wanasiasa wanaipenda. Hapo ndipo ningependa wenzangu waelekeze uchungu wao.

Tena haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka jana, matanga fulani upande wa Seme, wimbo ulisimamishwa na sauti iliyorekodiwa. Binti wa marehemu alikuwa Qatar, hakupata ruhusa ya kuja. Alituma pesa, na pamoja nazo sauti ya sekunde arobaini hivi kwa WhatsApp. Mwimbaji akainua mkono, ngoma zikanyamaza, akashikilia simu kwenye maiki. Nyuma ya sauti ulisikia mlio wa mashine ya kupooza hewa. Yule binti hakulia. Alijiita kamongo, samaki anayezikwa kwenye matope akauke, mvua ikirudi anaogelea, kisha akamwambia kakake mkubwa, kwa jina, kwamba yeye amekaa kando ya maji maisha yake yote na bado hajajua kuogelea.

Watu walipasuka. Mzee mmoja akaomba maiki, akalipa shilingi mia, akajibu kwa niaba ya yule kaka kwamba kamongo mwenye ujanja hasubiri mvua ya Uarabuni. Kijana mmoja alirekodi jibu na kulituma palepale. Wimbo ukaendelea. Tiki mbili za bluu zilichelewa karibu saa nzima, alikuwa kazini.