Moto Juu, Moto Chini

Mapishi ya keki yanayozunguka kwenye simu za vijana siku hizi huanza karibu yote kwa agizo lilelile: washa oveni, weka nyuzijoto 180, subiri ipate moto. Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Igogo hadi Buhongwa, agizo hilo linakwama palepale, maana oveni haipo. Kilichopo ni jiko la mkaa, sufuria mbili, kubwa na ndogo, mfuniko wa bati na ndoo ya mchanga. Kijana anayeamua kuoka kwa vifaa hivyo anabeba kazi ambayo aliyeandika mapishi hakuifikiria: kuchukua maelekezo yaliyotungwa kwa jiko la mtu mwingine, unga mwingine na hewa ya mahali pengine, na kuyafanya yafae hapa kando ya ziwa.

Kazi hiyo nimeitazama kwa karibu kwa mpwa wangu, binti wa miaka 16 aliyemaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba. Wazazi wanaijua miezi inayofuata. Mtihani umekwisha, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Wapo wanaojifunza kompyuta, wapo wanaokaa dukani kwa mama. Yeye aliingia jikoni, na kila ninapopita kwao namkuta ameinamia sufuria. Nimejifunza kukaa kimya kwenye kigoda na kutazama, kwa sababu anachokifanya kinastahili kutazamwa bila haraka.

Anaanza na mchanga. Mwanza ni mji wa mawe ya matale, yaleyale yaliyobebana milimani na kusimama majini pale kwenye Mwamba wa Bismarck, na mchanga wa ufukweni una chembe ngumu zinazovumilia moto. Anauosha mpaka maji yatoke safi, anauanika juu ya gunia, kisha anaukaanga mtupu ndani ya sufuria kubwa hadi unyevu wote uishe. Ukitandazwa unene wa vidole viwili, mchanga huo hupokea ukali wa mkaa, huutuliza na kuugawa sawasawa, ili kitako cha keki kisiungue kabla katikati hapajaiva. Juu yake hupanga vijiwe vitatu, na sufuria ndogo yenye keki hukaa juu ya vijiwe, isiguse mchanga.

Kisha makaa. Chini anaacha machache, juu ya mfuniko anapalia mengi. Hii ni njia ya zamani. Wapishi wa pwani wameitumia vizazi na vizazi kuoka mkate wa kumimina. Sababu yake iko wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kuunguza kitu: moto wa chini hupanda wenyewe, moto wa juu lazima uwekwe kwa mkono. Asiyepalia juu atapata keki nyeusi kitakoni na mbichi usoni. Anayepalia kwa pupa atapata uso uliokauka na tumbo la uji.

Kwa kuwa hana kipimajoto, anatumia unga. Ananyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, anakiweka ndani ya sufuria, anafunika na kusubiri huku akihesabu taratibu. Unga ukigeuka kahawia mapema, anaondoa makaa mawili matatu. Ukibaki mweupe, anaongeza. Ukipata rangi ya chai ya maziwa kwa wakati anaoutaka, ndipo anapoikabidhi keki kwa moto. Nimewaona watu wazima wakipika miaka mingi bila kuuliza moto wao una joto kiasi gani. Binti huyu anauliza kila siku, na amepata njia ya kujibiwa.

Wakati jiko linapata moto, anachapa siagi na sukari kwa mwiko. Hachoki upesi. Anachapa mpaka njano ya siagi ififie na mchanganyiko uwe mwepesi, kwa sababu anajua kwamba hewa anayoiingiza sasa ndiyo itakayoinua keki baadaye. Mayai anayatia moja moja. Hapo pia kuna hesabu ambayo mapishi ya simu hayaitaji: yai la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko la kuku wa kisasa, kwa hiyo mapishi yakisema matatu, yeye huvunja manne ya kienyeji, kisha huangalia mchanganyiko unavyodondoka kutoka kwenye mwiko. Ukidondoka mzito, anaongeza maziwa. Ukitiririka, anatia kijiko cha unga.

Keki zake za mwanzo zilikuwa na tatizo moja lililomsumbua sana. Zilikuwa zinaumuka vizuri, zikifika karibu na mfuniko, halafu zinazama katikati. Jirani mmoja alisema moto mdogo. Mwingine alisema mayai yamezeeka. Yeye alichukua daftari lake la Kemia lililobakiwa na kurasa, akachora safu: unga, mayai, maziwa, beking pauda, makaa ya chini, makaa ya juu, muda. Akawa anabadilisha kitu kimoja tu kila anapooka, na vingine vyote anaviacha vilevile. Yeyote aliyewahi kusimama maabara anajua ugumu wa nidhamu hiyo. Hamu ya kurekebisha mambo matatu kwa mpigo ni kubwa, na anayeshindwa nayo hatajua kamwe ni lipi lililosaidia.

Daftari lilimwelekeza kwenye beking pauda. Alipopunguza kiasi chake kidogo na kuongeza maziwa kidogo, keki ikasimama. Sababu yake iko kwenye ramani. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa inakandamiza kwa nguvu pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 13, na maji ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 100, Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Gesi inayotolewa na beking pauda hutanuka upesi zaidi, viputo vikakua na kupasuka kabla mayai na wanga havijakaza kuvishikilia. Unyevu nao hupotea haraka. Mapishi yaliyoandikwa na mtu anayeishi usawa wa bahari yanaweza kuwa sahihi kwake na yakamwangusha mtu wa Mwanza anayeyafuata neno kwa neno. Binti alilifikia jibu kwa mikono kwanza, akaja kulipata kwenye fizikia baadaye, na furaha yake siku hiyo ilikuwa ya mtu aliyegundua kwamba masomo ya shule yalikuwa yanazungumzia jikoni kwao.

Keki ikiwa jikoni, kazi inahamia puani. Harufu ya kwanza ni ya mayai. Ya pili ni ya siagi na vanila. Ya tatu ni ya sukari inayogeuka rangi, na hiyo ndiyo inayowasogeza watoto wa jirani ukutani. Kabla ya harufu ya tatu hafunui. Mtu akipeleka mkono kwenye mfuniko mapema husikia sauti: “Usifunue, mjomba! Bado haijashika.” Ana haki. Hewa ya baridi ikiingia wakati tumbo la keki bado ni laini, viputo husinyaa na keki huzama. Muda ukifika, anakung'uta majivu kwanza, ananyanyua mfuniko ukiwa umelala sawa ili kaa lisidondokee ndani, anachoma katikati kwa njiti safi ya ufagio. Njiti ikitoka kavu, anaipua. Haipindui papo hapo. Anaiacha itulie, anapitisha kisu pembeni, ndipo anapoigeuza kwenye sinia.

Baada ya keki kumtii, alihamia kwenye unga wenyewe. Ngano nyingi tunayokula Tanzania huagizwa kutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 kila muuza maandazi alihisi bei ilivyopanda. Huku Kanda ya Ziwa viazi vitamu havikosekani, vikiwemo viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni ya kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi, wamefanya kazi ya viazi vitamu kwa miaka mingi, na ng'ambo ya ziwa Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Yeye, Maria Andrade na Jan Low waliipata kwa kazi ya viazi hivyo. Kazi yao yote inaishia kwenye swali la jikoni: je, watoto watavila?

Binti anavichemsha na maganda yake, anavimenya vikiwa moto, anaviponda mpaka visibaki na nyuzi, kisha anakandia humo unga wa maandazi. Maji haongezi hadi donge limuonyeshe kwamba linahitaji, kwa kuwa kiazi kimekuja na maji yake. Sukari anapunguza. Aligundua pia mpaka: kiazi kikizidi theluthi ya donge, andazi linakuwa zito na halitoi tumbo. Ngano ina gluteni inayovutika na kushika hewa, kiazi hakina. Anachokitafuta ni mahali ambapo ngano inatosha kushikilia na kiazi kinatosha kuonekana. Akikipata, andazi linatoka na rangi ya machweo na ulaini unaodumu hadi kesho yake asubuhi.

Siku moja alijaribu biskuti za michembe, vile viazi vitamu ambavyo Wasukuma huvikata vibichi na kuvianika vikauke kwa ajili ya miezi ya njaa. Alivisaga, akachanganya na ngano, akampelekea bibi yake aliyetoka Magu kuja kuwatembelea.

“Shikamoo bibi. Naomba uonje hii.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umetia michembe?”

“Ndiyo, bibi. Nimeikaanga kwanza kabla ya kuisaga.”

Bibi alitafuna taratibu, akanyamaza, akachukua ya pili. “Ni nzuri. Lakini ungetumia matobolwa. Yale yamechemshwa kabla ya kuanikwa, utamu wake umeshatoka.”

Bibi alikuwa amesema jambo ambalo vitabu vya sayansi ya chakula vinalieleza kwa maneno marefu: kiazi kitamu kikipata moto taratibu, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari. Mchembe mbichi haujapitia hatua hiyo, tobolwa limepitia. Mjukuu aliandika kwenye daftari palepale, na biskuti zilizofuata hazikuhitaji sukari nyingi. Nilipenda namna alivyopokea ushauri ule. Alimsikiliza bibi kama mtafiti mwenzake, akaujaribu, akarudi na sahani kumwonyesha matokeo.

Jiko lenyewe sasa linabadilika. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, kwa mapafu ya wapishi na kwa misitu yetu. Mtungi wa gesi umefika nyumbani kwao pia, na pamoja nao tatizo jipya: gesi haina kaa la kupalia juu. Keki iliiva chini, uso ukabaki mweupe, na matone ya mvuke yakaitia madoa. Alichofanya ni kufunga kitambaa kwenye mfuniko ili kinywe mvuke kwa dakika nyingi za mwanzo, kisha kupasha kikaango kizito cha chuma kwenye upande wa pili wa jiko na kukiweka juu ya sufuria mahali pa mfuniko, kikiwa kimepata moto sana. Uso ukapata rangi. Mkaa umeondoka, lakini ujuzi wa moto juu na moto chini umehamia kwenye gesi bila kupungua.

Ndiyo maana nawasihi wazazi na walezi wasiyaone majaribio haya kama uharibifu wa unga. Vijana wengi wana udadisi huu na wananyimwa nafasi, wakiambiwa wapike wali na maharage waache michezo. Wali na maharage ni lazima vipikwe, na binti huyu huvipika kila siku. Lakini tenga kilo moja ya unga kwa mwezi, mayai machache na daftari, na umwambie kijana kwamba keki iliyozama italiwa na chai kama keki nyingine yoyote. Muulize leo amebadilisha nini na ameona nini. Atakujibu kwa ufasaha, kwa sababu anakijua anachokisema, na jibu lake litakuwa limetokana na moto, unga na hewa ya hapa kwetu.