Walimu wa Utafiti wa Familia Bukavu

Kumfundisha mwanafunzi wa shahada ya juu kuchunguza maisha ya familia mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huanzia kwenye lugha. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa 1989, na katika vyuo vingine vya mji, masomo huendeshwa kwa Kifaransa. Lakini mke na mume wa mitaa ya Kadutu au Bagira hugombana na kupatana kwa Kiswahili au Kimashi, lugha ya wenyeji. Hivyo mwalimu huipitia hojaji na wanafunzi swali kwa swali: mmoja huitafsiri kwa lugha hizo, mwingine huirudisha kwenye Kifaransa bila kuona nakala ya kwanza, na kila tofauti hujadiliwa.

Kisha huja kazi ya nyumbani kwa watu. Nyumba nyingi za mlimani zimebanana, na ukuta wa mbao hausitiri neno. Mwanafunzi hufundishwa kumwona kwanza shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa eneo, kuwahoji mke na mume kila mmoja peke yake, kubadili mazungumzo jirani akiingia, kuandika namba badala ya jina, na kutoahidi msaada asioweza kuuleta. Machozi yakianza, maswali hukoma. Anayehitaji matunzo huelekezwa kwa wahudumu, kama wale wa Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa 1999.

Baadaye mwalimu husoma mahojiano yote, hupigia mstari swali lililomsukumia mhojiwa jibu, na humuuliza mwanafunzi mwenyewe analalaje baada ya kusikia mengi. Kazi hiyo ya mwalimu haionekani katika kurasa za tasnifu. Hata hivyo muuguzi, mshauri wa ndoa na mgawaji wa misaada wanaotumia matokeo ya utafiti huitegemea kila siku.