Mwalimu Asomaye Makosa

Mtoto wa darasa la tatu amepewa hesabu: 52 toa 27. Ameandika 35. Mwalimu mmoja atachora alama ya kukosa na kufungua daftari linalofuata. Mwingine atatua kidogo hapo, na akitazama vizuri ataona kwamba mtoto huyu hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 7 haitoki katika 2, akageuza, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Kwenye makumi ametoa 2 katika 5, akapata 3. Ana kanuni yake, nayo ameifuata kwa uaminifu: toa ndogo katika kubwa. Wiki iliyopita, alipotoa 23 katika 58, kanuni hiyohiyo ilimpatia vema. Leo imemwangusha, naye hajui kwa nini.

Hapo ndipo ninapouona ualimu wenyewe. Twawasifu walimu kwa upole, kwa bidii, kwa kuwahi darasani na kwa kulijua somo lao, na sifa hizo zote ni haki yao. Lakini iko moja inayozibeba nyingine: kuweza kulisoma kosa la mwanafunzi mpaka chanzo chake. Tabibu hatibu homa kabla ya kujua imetokana na nini; mwalimu mzuri naye hasahihishi jibu kabla ya kuijua njia iliyolizaa.

Ustadi huu una maneno machache. "Hebu nionyeshe ulivyofanya," mwalimu anasema, kisha ananyamaza na kusikiliza. Akishaelewa, anachukua mafungu ya vijiti, kila fungu vijiti kumi, anaweka matano na vijiti viwili pembeni, na kumwambia mtoto atoe ishirini na saba. Mtoto anatoa mafungu mawili. Anatafuta vijiti saba, anaona viwili tu. Anatazama mafungu yaliyobaki, anasita, kisha anafungua moja. Tangu dakika hiyo, kukopa kumi hakutakuwa tena amri ya ubaoni. Ni jambo alilolifanya kwa mikono yake.

Madarasa ya juu mambo ni yaleyale. Mwanafunzi anajumlisha nusu na theluthi, anapata mbili ya tano, kwa sababu amejumlisha namba za juu na za juu, za chini na za chini. Mwalimu aliyeiva anamuuliza tu: "Ukiwa na nusu ya chungwa, ukaongezewa kipande, unaweza kubaki na pungufu ya nusu?" Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Jibu limejikana lenyewe, na mwanafunzi ndiye aliyelikamata. Swali la namna hiyo halitoki hewani. Lataka mtu aliyeielewa hesabu kwa kina kuliko kitabu cha kiada, na aliyekwisha kuyaona makosa ya watoto wengi hata akayajua kwa sura.

Swali hilo lataka pia darasa lenye adabu. Mtoto hataonyesha alivyofanya ikiwa wenzake watamcheka, wala ikiwa fimbo inangoja mezani. Atafuta haraka, atanakili kwa jirani, na kosa lake litajificha hadi siku ya mtihani. Kwa hiyo upole wa mwalimu ni sehemu ya ufundi wake: ndio unaomfanya mtoto akubali kuonyesha asichokijua.

Najua madarasa yetu yalivyo. Kuna vyumba ambamo watoto watatu au wanne hubanana dawati moja na madaftari hujaa meza nzima. Hata humo nimewaona walimu wanaopita katikati ya madawati wakati zoezi likiendelea, macho yakiwa kwenye madaftari. Hugundua kwamba makosa arobaini yana vyanzo vitatu au vinne tu, wakarudi ubaoni kuvishughulikia kimoja kimoja, bila kumtaja mtoto yeyote kwa jina.

Julius Nyerere alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, kisha Pugu, akaacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aingie kikamilifu katika siasa. Jina la Mwalimu halikumwacha. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zimpe kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchuja anachokipokea, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Nikiyasoma malengo hayo namwona mtoto wa vijiti. Amedadisi kanuni yake mwenyewe, ameiacha ilipomshinda, na hakudhalilishwa alipokuwa akiiacha.

Mtoto huyo akikua, 52 toa 27 ataisahau. Kitakachobaki ni mazoea ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Akiwa muuguzi, kipimo kisipooana na hali ya mgonjwa atapima tena kabla ya kutoa dawa. Akiwa fundi wa magari, atatafuta kilichounguza fyuzi kabla ya kuweka nyingine. Akiwa mzazi, ataketi karibu na mwanawe na kumuuliza alivyofanya. Huenda hatakumbuka alijifunzia wapi, lakini ndivyo kazi ya mwalimu inavyoenea hata kwa watu asiowajua.

Tumuenzi mwalimu, basi, kwa kuipa kazi yake nafasi. Tumpe darasa analoweza kulizunguka, na muda wa kusahihisha bila kukimbizana na mada. Nasi wazazi, daftari linapofika nyumbani, tusiishie kuuliza mtoto amepata ngapi. Tumwombe atueleze hesabu moja aliyokosa, tumsikilize hadi mwisho, ili subira aliyoionja darasani aikute na nyumbani.