Mlio wa Mgongo na Amri ya Ubongo
Mkulima wa pamba wa Bariadi au Meatu huinama na jembe msimu wa palizi, akainama tena wakati wa kuvuna, na kiuno kikimkamata hutafuta mtu wa kumnyoosha. Mgongo ukishalia, wengi huamini pingili iliyohama imerejea. Imani hiyo inatuzuia kulielewa tendo lenyewe. Mlio ni wa gesi ndani ya kiungo: watafiti wa Canada walilionyesha hilo mwaka 2015 kwa picha za MRI za vidole vilivyovutwa hadi vikalia. Cha kuchunguza ni misuli midogo inayoshika pingili. Imejaa vihisio vya mvuto, na msukumo mfupi wa ghafla huviamsha, navyo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo.

Je, taarifa hiyo hubadilisha nguvu ya msuli? Imran Khan Niazi, Heidi Haavik na wenzao walilipima swali hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa ustadi unaostahili sifa: walinyoosha mgongo, wakapima mguu. Waliichochea kwa umeme neva iliyo nyuma ya goti, wakarekodi mwitikio wa shavu la mguu lililotulia, kisha mtu akikaza kwa nguvu zake zote. Mwitikio wa kwanza huonyesha njia inayopita kwenye uti na kurudi; wa pili hubeba pia amri inayoshuka kutoka ubongoni. Baada ya kunyooshwa, nguvu iliongezeka na mwitikio wa pili ukakua. Msuli hauwezi kunenepa kwa dakika chache, hivyo kilichobadilika ni amri. Atakayepinga atasema washiriki walikuwa wachache, na mwenye matumaini hukaza zaidi. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini hata msuli ukiwa umetulia, uliitika kwa umeme mdogo kuliko awali, na hapo bidii ya mshiriki haina nafasi kubwa.

Kwa wagonjwa, faida ni ya wastani. Uchambuzi wa majaribio 47, uliochapishwa na Sidney Rubinstein na wenzake mwaka 2019, ulikuta kunyoosha kunapunguza maumivu sugu ya kiuno kwa kiasi kinachokaribiana na tiba nyingine zinazopendekezwa. Kwa hiyo nafuu ile itumike kuanzishia mazoezi ya kuimarisha mgongo, mkulima asirudi kunyooshwa kila wiki. Zaidi ya hayo, si kila maumivu ya mgongo yanafaa kunyooshwa: kifua kikuu hushambulia pingili pia. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, kukonda, kibyongo kinachoanza au miguu kulegea yapimwe hospitalini kabla ya mkono wowote kusukuma, kwani pingili iliyoliwa inaweza kuporomoka na kuibana neva, mtu akapooza.