Maana na Matumizi ya "Kukosa Jibu"

Kitenzi kosa kimebeba mizigo miwili: kupungukiwa na kitu, na kutenda lisilo sawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaziweka maana hizo chini ya neno moja, wala si vibaya, kwani zote zaelekea kwenye wazo la kutofikia: mshale uliokosa shabaha haukufika ulikopelekwa. Shida huzuka kitenzi hiki kinapofuatwa na jina jibu.

Chukua mfano wa sokoni Mwanjelwa, mjini Mbeya, ambako Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali na wengineo huelewana kwa Kiswahili. Mnunuzi akiuliza kwa nini debe la viazi halikujaa, na muuzaji akanyamaza, aliyesimama kando aweza kusema, "Amekosa jibu"; yaani, hana la kusema. Lakini mwanafunzi asemapo, "Nimekosa jibu la tatu," huenda jibu aliliandika, ila halikuwa sahihi. Na barua ikikosa jibu, aliyepungukiwa ni mwandishi wake, na lawama yamwangukia aliyeipokea.

Wako watakaosema kwamba mazungumzo yenyewe hufafanua. Sokoni ni kweli, kwa kuwa uso wa mtu waonekana. Katika maandishi sivyo. Mahakama za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na sheria ya mwaka 2021 ilikifanya kuwa lugha ya mahakama kwa jumla. Ikiandikwa katika mwenendo wa kesi kwamba "shahidi alikosa jibu", hakimu wa rufani atajuaje kama alinyamaza, hakujua, au alijibu visivyo? Tena jina kosa humfuata mtu huyo kama kivuli, hata aliyenyamaza akadhaniwa mkosaji. Wahenga hawakuona hivyo waliponena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Lugha yenyewe ina dawa. Hakujibu yataja tendo, bila kutoa sababu. Hakuwa na la kujibu ni hukumu ya msemaji. Alikosea jibu yaonyesha kwamba jibu lilitolewa, ila lilikuwa na kasoro. Jibu lilikosekana haimtaji mtu, wala haimlaumu. Yafaa watunzi wa kamusi wazipambanue kauli hizi kwa mifano, na waandishi wa mahakamani waanze na ile ya kwanza; sababu ya kimya ithibitishwe kwa ushahidi, isipenyezwe na kitenzi.