Kirchner Hakupona Milimani

Kila ninapomsoma Ernst Ludwig Kirchner nakutana na hadithi ile ile: Berlin ilimchosha, vita vikamvunja, akakimbilia milima ya Davos, Uswisi, na huko akapata utulivu. Ni hadithi tamu. Nami niliiamini, mpaka nilipoziweka picha zake mbili sambamba kwenye skrini.

Ya kwanza ni Potsdamer Platz, ya mwaka 1914. Makahaba wawili wamesimama kwenye kisiwa cha mviringo katikati ya barabara, warefu kupita kiasi, nyuso zao kama vinyago. Mmoja amevaa shela ya ujane. Barabara ni ya kijani. Nyuma yao wanapita wanaume waliovaa nyeusi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Kila kitu kina ncha.

Mwaka uliofuata Kirchner aliingia jeshini na akili ikamgomea. Alijichora akiwa na sare, mkono mmoja umekatwa, ingawa mikono yake halisi ilikuwa mizima. Alifika Davos mwaka 1917.

Picha ya pili ni ya huko, ya mwaka 1919: usiku wa mbalamwezi majira ya baridi. Ungetarajia weupe wa theluji na ukimya. Wapi! Anga ni jekundu, milima ni ya buluu, miti ya waridi imechongoka kama wale wanawake wa Berlin. Amebadilisha anachokitazama, brashi bado ina wasiwasi ule ule.

Sisemi hakubadilika. Wachungaji na ng'ombe walichukua nafasi ya umati, na jicho lake, lililozoea kubanwa na watu, lilipata umbali. Lakini hata huko hakutulia. Alimbuni mhakiki wa Kifaransa, Louis de Marsalle, akaandika kwa jina hilo tahakiki za kuzisifu kazi zake mwenyewe. (Sisi tunaohangaika na tahakiki za muhula tuna haki ya kumwonea wivu.) Mtu aliyepata amani hahitaji shabiki wa kubuni.

Mwaka 1937 Wanazi waliziondoa kazi zake zaidi ya 600 katika makumbusho ya Ujerumani, wakiziita sanaa iliyooza. Juni 1938 Kirchner alijiua, hapo hapo Davos, baada ya kuishi na milima hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.